Picha Arobaini na Sita za Biharusi Asiyecheka

Mchoraji wa ramani aliishiwa wino alipofika upande huu wa dunia, ndiyo maana nchi ya Tulivuni haimo kwenye ramani yoyote. Lakini ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wa beti kumi na tisa, na ina Idara ya Wageni yenye madirisha manane, saba kati yake yakiwa yamefungwa kwa ukarabati tangu siku ya uhuru. Dirisha lililobaki, namba nane, lilikuwa la Mwanahija binti Mbaruku.

Mwanahija alikuwa karani wa vibali. Mgeni yeyote aliyetaka kuishi Tulivuni alipita mbele yake, naye alikuwa na mihuri miwili. Wa kijani ulisema AINGIE. Mwekundu ulisema KWANZA. Tulivuni ni nchi ya watu wenye adabu, hawapendi kumwambia mtu hapana. Wanamwambia kwanza. Kwanza lete cheti, kwanza kaonane na mkuu, kwanza mkuu arudi kutoka semina. Wapo wageni waliozeeka katika kwanza yao, wakazikwa na wenyeji kwa heshima zote.

Mumewe, Machano, alikuwa fundi wa majokofu, na alikuwa amechukuliwa na dola ya Barafuni, kule mbali ambako maji hugeuka jiwe yenyewe bila kuombwa. Sisi hatukuuliza nchi ya barafu inataka majokofu ya nini. Wakubwa walisema yanatakiwa, mkataba ukasainiwa, ngoma zikapigwa, na Machano akapanda ndege wiki sita baada ya harusi yake. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita.

Wakati huo Mwanahija alikuwa na miaka thelathini na sita. Sasa alikuwa na thelathini na tisa, na jambo alilolitaka kuliko mengine yote lilikuwa mtoto. Hakuwa akilizungumza, kwa sababu wanawake wa mtaani walilizungumza kwa niaba yake kila siku. Alitaka kuwa na mumewe, katika nyumba moja, kabla mwili wake haujagonga muhuri wake mwekundu. Basi akaomba viza ya mwenzi.

*

Maombi ya aina hiyo yalishughulikiwa na ubalozi wa Barafuni, katika Kitengo cha Uthibitisho wa Mapenzi. Watu wa Barafuni ni watu wa sayansi. Waligundua kwamba maskini wengi wa dunia wanaoana ili wapate kuona theluji, wakaamua kuyapima mapenzi kabla ya kuyaruhusu yavuke mpaka.

Mwanahija alijaza fomu kumi na nne. Aliulizwa mumewe hulala upande gani wa kitanda, hupiga chafya mara ngapi mfululizo, na kati ya chai na uji anapenda nini zaidi na kwa nini. Alijibu yote. Kwenye swali la chafya aliongeza karatasi. Alipigwa pia picha ya pasipoti, ambayo kanuni ilisema uso usiwe na dalili yoyote ya hisia, naye akatoa uso mtulivu kama sahani. Kisha akaambatanisha picha za harusi, arobaini na sita, akasubiri.

Baada ya miezi saba ikaja barua. Ilikuwa barua ya upole sana. Ilisema kwamba katika picha zote arobaini na sita mwombaji hajacheka hata mara moja. Katika picha thelathini na nne anatazama sakafu. Katika picha kumi na mbili analia waziwazi. Katika picha ya thelathini na moja kuna mwanamke mzee anayemfinya bega kwa nguvu, jambo ambalo ni dalili ya kulazimishwa. Hivyo ombi limekataliwa, na Kitengo kinampa mwombaji pole kwa yaliyompata, pamoja na namba ya simu ya shirika linalookoa wanawake.

Mwanahija aliisoma barua hiyo mara tatu, kisha akaipeleka kwa yule mwanamke mzee wa picha ya thelathini na moja.

Huyo alikuwa Bi Kazija, somo yake, aliyemfunda na kumsimamia harusini. Na hapa inabidi tuwaeleze wasomaji wa mbali, kwa kuwa wa karibu wanajua. Tulivuni biharusi hacheki. Siku ya kutolewa hukaa macho chini, na chozi likidondoka ndiyo heshima yenyewe, maana anaagana na nyumba iliyomlea. Anayekenua meno siku hiyo, wanawake watasema alikuwa akihesabu siku aondoke kwa mamake. Sasa Mwanahija siku ile alikuwa na furaha kubwa kiasi cha kumtia mtu aibu. Alikuwa amempenda Machano miaka minane, na kila alipokumbuka kwamba jioni ile hatarudi kwao, mdomo ulianza kufunguka wenyewe. Bi Kazija aliiona hatari hiyo, akawa anamfinya bega. Picha ya thelathini na moja ilipigwa pale cheko lilipokaribia kabisa kutoka.

Bi Kazija alisomewa barua mpaka mwisho, akauliza kama hao watu wana mama zao.

*

Pasipo kanuni hakuna biashara, na kanuni ya Barafuni ilileta neema. Mjini palifunguliwa studio iitwayo Furaha Tele. Humo mlikuwa na keki ya plastiki, mwavuli wa ufukweni na mchanga wa gunia. Mtu na mwenziwe waliingia, wakalishana keki, wakachekeana mpaka magego, wakatoka na albamu ya miaka mitano. Kama mwenzi hakuwepo, studio ilimtoa.

Jirani yake Mwanahija, Siwema, alikutana na mumewe kwa mara ya kwanza mlangoni mwa Furaha Tele saa nne asubuhi, na kufikia saa sita walikuwa na picha za fungate. Viza yake ilitoka kwa siku kumi na moja. Kitengo kiliandika pembezoni mwa faili kwamba hiyo ni ndoa ya mfano. Siwema, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuja kuaga na kumshauri jirani yake asijitese. Kucheka ni misuli tu, alisema, hata mbuzi hucheka.

Machano naye alipiga simu wakati wa mapumziko ya mchana. Alikuwa mwanamume mpole, na upweke ulikuwa umempunguza hata sauti. Alimsihi mkewe aende studio, yeye atatuma picha yake ikatwe na kubandikwa.

"Cheka tu, mke wangu," alisema. "Kucheka si dhambi."

"Nikicheka kwa ajili yao, nimekubali kwamba siku ile nililazimishwa. Mimi sikulazimishwa. Nilikutaka mwenyewe."

Machano akamkumbusha habari ya ile picha ya uwanja wa ndege. Kwenye ile, alisema, umecheka mpaka jino la mwisho.

"Ile siitoi," Mwanahija akajibu. "Ile ndiyo siku niliyolia."

Maana Tulivuni msafiri haliliwi. Mtu anayeondoka huchekewa, ili asibebe machozi ya watu njiani na safari ikawa nzito. Mwanahija alicheka uwanjani mpaka ndege ikawa nukta. Kisha alirudi nyumbani akakaa siku tatu bila kula. Picha ile aliitunza kwenye mkoba wake kwa sababu ilikuwa ya mwisho wakiwa wawili, na hakupenda kuitazama.

*

Akakata rufaa, akaitwa kwenye mahojiano. Afisa aliyemhoji aliitwa Bwana Huldrik, Mthibitishaji wa Mapenzi Daraja la Pili. Alikuwa kijana mwenye shingo ndefu, aliyejifunza lugha ya Tulivuni kwenye kompyuta na kuisema vizuri kuliko Watulivuni, kwa kuwa hakukosea hata pale ambapo kila mtu hukosea.

Alimkaribisha kwa hotuba. Alisema kwamba mapenzi, Bibi Mwanahija, ni nguzo ya dola ya Barafuni. Kwamba dola haina nia ya kutenganisha watu, ina nia ya kuwatenganisha wasiopendana tu. Na kwamba baada ya utafiti wa miaka ishirini wataalamu wamethibitisha kuwa mapenzi ya kweli hutambulika kwa meno.

Mwanahija alimweleza habari ya biharusi, ya somo na ya bega. Bwana Huldrik aliandika kila neno kwa makini, kisha akasema kwamba mila si kielelezo. Akafungua kifungu cha mkoba. Kwa mujibu wa kifungu hicho, mwombaji humwaga vitu vyake mezani, maana mapenzi mengine hujificha kwenye mikoba. Zikatoka funguo, kitana, vidonge vya kichwa, tasbihi, na ile picha.

Bwana Huldrik aliiinua, uso ukamng'aa kwa furaha ya kweli. Pale palikuwa na Machano, na pale palikuwa na Mwanahija, meno thelathini na mawili nje. Alisema kwamba hiyo ingetosha kabisa, na kalamu akawa ameishika tayari.

"Ilikuwa siku gani?" akauliza.

Hapo wengi wetu tungesema fungate. Mwanahija naye aliliona neno hilo limekaa mdomoni, tamu na jepesi, na nyuma yake akaona nyumba moja, mume na mtoto. Lakini alikuwa amekaa miaka kumi na tano kwenye dirisha akiwasikiliza watu wanavyodanganya, na hakutaka ndoa yake iingie katika kundi hilo.

"Siku aliyoondoka," akasema.

Kalamu ikasimama. Bwana Huldrik alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akaandika kwenye faili, akisoma kwa sauti kama kanuni ilivyomtaka: "Mwombaji alilia alipoolewa. Alifurahi mumewe alipoondoka. Imekataliwa. Aruhusiwe kuomba tena baada ya miaka miwili."

Mwanahija alikusanya funguo na kitana chake. Miaka miwili. Alipiga hesabu ya miaka yake akiwa bado ameinama, na hakuipenda. Alitamani kuipindua meza ile pamoja na kanuni zake. Badala yake aliomba nakala ya uamuzi, yenye saini na muhuri, akatoka nayo.

*

Mungu hamfichi mnafiki, lakini karani humfichua zaidi. Hazikupita wiki mbili, kwenye dirisha namba nane likatua ombi la kibali cha mwenzi. Mwombaji alikuwa Bibi Ingelaida, mke wa Bwana Huldrik, aliyetaka kuja kuishi na mumewe Tulivuni. Ziliambatanishwa picha mia mbili na kumi za harusi.

Mwanahija alizitazama moja moja. Katika zote biharusi alikuwa anacheka. Alicheka na keki puani. Alicheka akiwa amerukia ziwani na gauni lake. Katika picha ya themanini na nane alikuwa amemrushia mama yake shada la maua, kisha akawa anakimbia.

Sasa Tulivuni kulikuwa na Sheria ya Kujibu. Bunge liliipitisha siku moja ya hasira, Waziri mwenyewe akisimama na kunguruma kwamba atakayetupima kwa rula, nasi tutampima kwa rula hiyohiyo, na kama hatuna tutaiazima kwake. Wabunge walipiga meza mpaka mbili zikavunjika. Kisha sheria ilifungiwa kabatini, kwa sababu watoto wa waliopiga meza walikuwa wakisoma Barafuni.

Mwanahija alikuwa na ufunguo wa kabati. Akaitoa sheria, akaipangusa vumbi, akagonga muhuri wa KWANZA na kuandika barua ya upole sana. Ilisema kwamba katika picha mia mbili na kumi biharusi hajalia hata chozi moja. Idara inajiuliza binti huyu alitendewa nini kwao hata akaondoka kwa furaha namna hiyo, na kwa nini anamkimbia mamake katika picha ya themanini na nane. Idara inampa pole. Kwanza, iletwe picha moja ya mwombaji akilia.

Mkurugenzi wa Idara, Mzee Kibaja, aliyekuwa na mtoto Barafuni mwaka wa tatu akisomea urubani wa nchi kavu, alishuka kutoka ghorofa ya juu kwa mara ya kwanza tangu lifti iharibike. Aliamuru muhuri wa kijani ugongwe sasa hivi. Mwanahija alisimama kwa adabu, akamwambia, "Shikamoo mzee. Naomba uniandikie amri hiyo, na kifungu."

Kuandika kulimtia Mzee Kibaja maumivu ya ghafla ya mgongo. Viongozi wa Tulivuni wote wana ugonjwa huo, huwapata penye uamuzi. Akaenda likizo ya wiki tatu.

*

Bwana Huldrik alikuja mwenyewe. Siku ya kwanza aliambiwa achukue namba. Siku ya pili namba zilikuwa zimekwisha. Siku ya tatu alikaa kwenye benchi la wanaosubiri, la miguu mitatu, akajifunza kwa wenyeji kwamba mtu wa pembeni akisimama bila kuaga, wote huanguka. Siku ya nne alifika dirishani akiwa na vumbi kwenye mashavu na adabu mpya, akaanza kueleza kwamba mkewe anampenda, kwamba kwao maharusi hucheka, kwamba ndivyo walivyo.

Mwanahija alimsikiliza mpaka mwisho, kama yeye alivyosikilizwa.

"Mila si kielelezo," akasema. "Idara yetu hutambua mapenzi kwa machozi."

Bwana Huldrik alipekua mifuko ya koti lake. Kisha akatoa pochi, na ndani ya pochi picha ndogo iliyokunjika pembe. Mwanamke alikuwa amesimama kwenye uwanja wa ndege, pua nyekundu, uso umevimba kwa kilio hata uzuri wake usionekane.

"Hii si ya harusi," alisema. "Ni siku niliyokuja huku."

Mwanahija aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amejiandaa kumchukia mwanamke huyo, akashindwa. Aliujua uso ule. Ndio aliokuwa nao yeye alipofunga mlango wa nyumba yake siku ile.

"Kwenu msafiri analiliwa?" akauliza.

"Tukihuzunika tunalia. Kwani nyinyi?"

"Sisi tunamchekea, asiende na machozi yetu njiani."

Shingo ndefu ya Bwana Huldrik ilianza kuwa nyekundu, kuanzia chini kwenda juu.

"Kwa hiyo ile picha," akasema.

"Ndiyo."

Katika foleni nyuma yake kila mtu alikuwa ametega sikio. Mwanahija alichukua muhuri wa kijani, akaugonga juu ya ombi la Bibi Ingelaida, akalisogeza chini ya kioo.

"Mke wako anakupenda. Aje," akasema. "Sikuuzii kibali, wala sikuombi viza. Ukitaka kuninyima, ninyime. Lakini pale ulipoandika kwamba nilifurahi mume wangu kuondoka, pafute. Uongo huo hautakaa katika faili lenye jina langu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ileile ya kuitia namba. Bwana Huldrik alichukua karatasi yake. Hakuhutubia. Aliinama kidogo, jambo ambalo kompyuta haikumfundisha, akaondoka.

*

Tungependa kusema kwamba dunia ilipata akili tangu siku hiyo. Kilichotokea ni kwamba Bwana Huldrik aliandika ripoti ya kurasa sitini, Makao Makuu ya Barafuni yakaisoma ukurasa wa kwanza, na kanuni ikabadilishwa. Kuanzia sasa, biharusi wa Tulivuni lazima alie katika picha zote, au angalau atazame chini. Studio Furaha Tele ikageuka Machozi Tele kwa usiku mmoja, ikanunua vitunguu kwa gunia. Wale wachache walioanza kuoana kwa vicheko ili wapate viza wakakataliwa kwa kutojua mila zao. Waziri alisimama bungeni akasema kwamba huo ni ushindi wa diplomasia yake, na meza nyingine ikavunjika.

Lakini faili la Mwanahija lilikuwa na picha arobaini na sita halali kabisa, zilizopigwa kabla ya kitunguu kupanda bei. Likafunguliwa upya bila kungoja ile miaka miwili, na viza ikatoka baada ya miezi tisa. Juu ya sentensi ya zamani palikuwa na mstari mnene wa wino, na pembeni, kwa mwandiko wa mkono: alilia kwa furaha, akacheka kwa huzuni; afisa hakujua. Mwanahija aliisoma sentensi hiyo kabla hata ya kuitazama viza.

Bi Kazija alimsindikiza uwanjani na kumchekea mpaka meno yake yote manne yakaonekana.

Alitua Barafuni asubuhi. Mwisho wa ukumbi mrefu palikuwa na mashine yenye jicho, na nyuma ya mashine ukuta wa kioo, na nyuma ya kioo amesimama Machano, amekonda, ameshika koti la pili mkononi. Maandishi ya mashine yalisema: TAZAMA MBELE. USICHEKE. USILIE.

Mwanahija alitazama mbele. Mdomo ukafunguka, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumfinya bega. Machozi yakashuka, cheko likatoka, vyote kwa pamoja, kwa sauti. Mashine ikapiga kelele kwamba uso haulingani na pasipoti. Akaja askari wa mpaka, akamwambia kwa upole arudishe uso wake wa kwenye picha, watu wanasubiri nyuma yake.

"Huu ndio uso wangu," Mwanahija akasema. "Ule niliufanya kwa ajili yenu. Nimewasubiri miaka minne na miezi saba. Sasa subirini nyinyi."

Askari alifungua kitabu cha kanuni, akatafuta mbele, akatafuta nyuma, hakuona kifungu. Basi wakasubiri.